Samaki Nisiyemtaja na Chaza Aliyegoma Kufunguka

Nyie wajukuu mnaomaliza chuo cha hoteli na kukimbilia kuvaa mashati meupe, sogeeni kidogo kabla hamjapanda pikipiki zenu. Mtapangiwa kazi ambazo hamkuziomba. Mimi niliomba kufua mashuka, nikaishia kuamua ugomvi wa samaki.

Na si samaki wa ziwani mnaowajua. Hawa walikuwa wa bahari, wa maji ya chumvi, wamewekwa kwenye tangi la kioo pale mapokezi, katika hoteli ya watalii huku huku Serengeti, ambako bahari tunaisikia redioni. Aliyetaka ni mwenye hoteli, Mama Greta, mzungu mrefu aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Alisema mgeni akishinda porini na vumbi na simba, jioni apumzishe macho kwenye kitu cha bluu. Sawa. Lakini mtu wa kwetu akija kuleta maziwa au kuni, akasimama mbele ya lile tangi, swali lilikuwa lile lile: "Hawa mnawala lini?"

Nikisema hawaliwi, wananiangalia kama nimeugua.

Mimi ni Bhoke, kazini waliniita Mama Matiko. Nilizaliwa Susuni, nikaolewa Nyambureti na Marwa. Shule niliishia darasa la nne, ng'ombe wakanihitaji kuliko mwalimu. Vitu vingi nimesahau siku hizi, hata miwani naitafuta ikiwa usoni, ila jina la mtu halinitoki. Wapishi wote wa ile hoteli, madereva, samaki, wote ninao kichwani. Jina moja tu sitaliandika hapa. Nalo nalikumbuka kuliko yote, kwa hiyo msiseme bibi kazeeka.

Nilitoka kufuliani kwa sababu ya kifua. Ile dawa ya kung'arisha mashuka, ukichanganya na maji ya moto ndani ya chumba kisicho na dirisha, moshi wake unaingia mpaka kwenye mbavu. Nilikuwa nakohoa mpaka wageni wanauliza kama kuna mbuzi mgonjwa. Bwana Julius, meneja wetu, kijana wa Musoma mwenye haraka zake, akaniambia, "Mama Matiko, kuanzia kesho utafuta kioo cha samaki. Kwa nje." Nikamshukuru Mungu. Kioo hakina moshi.

Pale kwenye kioo ndipo nilipomkuta fundi Athumani.

Athumani alikuwa mtu wa Tanga aliyehamia Mugumu zamani kutengeneza madirisha, akaoa, akabaki. Tangi alilijenga yeye, na kwa kuwa alikulia pwani, Mama Greta akaamini anajua kila kinachoishi majini. Mwenyewe alikuwa akisema, "Dada Bhoke, mimi nilikuwa nawajua wakiwa kwenye sufuria. Hawa wazima nimeanza kuwajua hapa." Lakini alikuwa na jicho. Alinifundisha kukaa. Nyie vijana hamjui kukaa. Mnatupa chakula, mnapiga picha, mnaondoka. Yeye alivuta kigoda, akakaa mbele ya tangi na kikombe cha kahawa, akaangalia mpaka kahawa ikapoa.

"Usiniulize samaki huyu mpole au mkali," aliniambia. "Niulize anakula nini huko kwao. Mpole wa kweli hayupo. Kuna aliyeshiba na kuna asiyekipenda kilichopo."

Basi akanionyesha. Kikande ana mdomo mfupi kama koleo, na anavunja magamba ya konokono kama nyie mnavyovunja karanga. Bunju anatabasamu muda wote, mcheke mkitaka, nyuma ya tabasamu kuna meno. Kitatange ni bapa, wa njano, anapita kwa madaha kama mwanakwaya anayechelewa ibada makusudi, ila akiona nyama laini ya kiumbe kisichokimbia, anadonoa. Anadonoa kidogo, anaondoka, anarudi, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani mpaka sufuria inaisha na hakuna aliyemwona akila. Kila mmoja wao ukimweka peke yake ni malaika. Tatizo linaanza ukiwaweka pamoja na mtu wanayemtamani.

Athumani alinifundisha na mengine ambayo bado yanasaidia, hata kama tangi lako ni dogo kama ndoo. Usiingize mkono wenye mafuta. Bibiye wa mapokezi, Mokami, alikuwa anajipaka losheni yenye harufu ya maembe, halafu anatumbukiza kidole kuwachekesha samaki. Juu ya maji kunabaki utando kama wa supu. Nilimpiga kofi la mkono mbele ya wageni, wakadhani ni mila, wakapiga makofi. Lingine: maji yakipungua kwa joto, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi haipandi juu na mvuke, inabaki ndani. Ukiongeza ya chumvi kila siku, mwisho unaowafuga ni samaki wa kukausha.

Na hapo kwenye chumvi niwaambie. Chumvi ya lile tangi ilikuja kwa magunia kutoka mbali, siyo hii ya mezani. Siku moja ilipungua, nami nikamwambia mume wangu Marwa kwenye simu kwamba wanyama wangu wamekosa chumvi. Kesho yake bodaboda akafika getini amebeba jiwe la chumvi ya ng'ombe, lile wanalolamba, limefungwa kwa kamba ya katani. Marwa alikuwa ametuma na salamu: wakilimaliza niseme, ataleta lingine. Bwana Julius akalizunguka lile jiwe, akalilamba. Athumani akalilamba upande wa pili. Wakabishana nusu saa kama linafaa au halifai, kila mmoja akirudi kulamba ili ahakikishe. Halikuingia majini, Mungu mkubwa. Lilibaki pale kuzuia mlango wa jikoni usijifunge, na swala mmoja wa hotelini akawa anakuja kulisalimia kila asubuhi.

Sasa majina. Hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Julius aliamka siku moja akasema wageni wanapenda hadithi, kwa hiyo kila samaki apewe jina la huku kwetu. Kazi hiyo akampa mlinzi, Nyamhanga. Nyamhanga alikuwa jirani yetu wa Nyambureti, na alikuwa na kinyongo na wazee wa kijiji kizima, kuanzia wa mpaka wa shamba mpaka wa baraza. Akasimama mbele ya tangi na rungu lake, akamwangalia samaki mmoja mmoja, na kila mmoja akampa jina la mzee. Bunju mwenye tumbo akawa Wambura. Kikande anayegombana na kivuli chake akawa Magige. Kitatange anayeonja onja akawa Sabai. Na kwa kweli hakukosea hata mmoja. Niliwaona wale wazee majini kama niko kilabuni.

Halafu akafika kwa yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda meupe. Walikuwa wawili, mmoja mnene, mmoja mdogo anayemfuata nyuma. Wageni waliwapenda hao kuliko wote. Nilimuuliza Athumani wanaitwaje kwao, akasema kwao hawaliwi, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuwapa jina. Nyamhanga akamwangalia yule mnene akipita katikati, kifua mbele, kama njia ameikata yeye.

"Huyu," akasema, "ni Fulani."

Naandika Fulani. Yeye hakusema Fulani. Alisema jina la baba mkwe wangu.

Nyie siku hizi mnawaita wakwe zenu kwa majina, wengine mnapiga nao picha mmekumbatiana. Mimi tangu siku nilipotoka Susuni nikaingia boma la Nyambureti, jina la baba wa mume wangu halijapita mdomoni mwangu. Simpi mkono. Sili mbele yake. Akija njia hii mimi nashika ile. Akitaka kuniambia kitu anaiambia hewa, na hewa inaniletea. Mzee mwenyewe sasa tumeshamzika, na bado silisemi, wala Marwa hajawahi kunisikia. Sasa fikirini, unaletewa samaki mwenye jina hilo, na kazi yako ni kutoa taarifa kila asubuhi ya nani kala na nani hakula.

"Mama Matiko, wote wamekula?"

"Wote wamekula."

"Hata Fulani?"

"Nimesema wote."

Athumani ndiye aliyeongeza chumvi kwenye kidonda. Siku moja, kahawa mkononi, akasema, "Dada Bhoke, unajua kwa hawa wa chungwa mkubwa ndiye mke? Yule mdogo ndiye mume. Na mke akifa, mume ananenepa, anageuka anakuwa mke."

Nikamwangalia yule mnene mwenye jina la mzee wangu. Nikaweka ndoo chini.

"Athumani," nikamwambia, "hayo maneno yaishie hapa hapa. Mimi bado nina ndoa."

Baadaye ndipo akaja chaza.

Alishuka kwenye ile ndege ndogo ya wageni, ndani ya boksi, kwenye mfuko wa maji. Kama hamjawahi kumwona, fikirini sahani mbili nzito za udongo zimefungana. Ukimweka juu ya jiwe penye taa kali anatulia, halafu sahani zinaachana taratibu, na ndani anatandaza nyama yake laini ya bluu na kijani, ina madoa yanayong'aa, kama mama anayeanika kitenge cha sikukuu. Kula kwake ni mwanga, kama mmea. Mpishi wetu Gesase hakuamini kabisa. Nilimkuta ameshika tonge la ugali, anamnyemelea.

"Mama, mnyama gani anakula taa?"

"Huyu. Rudisha ugali wako jikoni."

Nyamhanga aliitwa ampe chaza jina, akafikiri sana, akashindwa. Alisema kwetu hakuna mzee anayejua kufunga mdomo.

Mama Greta alimpenda yule chaza. Wageni nao. Kwa muda alikuwa anafunguka taa zikiwaka na kufunga zikizimwa, kama duka la Mwarabu. Halafu akaanza kuchelewa. Halafu akawa anafungua kidogo tu, anachungulia, anafunga. Mwisho akagoma. Chaza asiyefunguka hapati mwanga, na asiyepata mwanga ana njaa, basi ni kusubiri harufu.

Athumani akasema kuna anayemsumbua. Wa kwanza kushukiwa alikuwa Magige, yule kikande, kwa sababu ya uso wake. Akatolewa, akapandishwa ndege, akapelekwa kwenye tangi lingine huko Arusha. Nilimwonea huruma, hata hakuwa amefanya kitu, ila ukiwa na uso ule na wizi ukatokea mtaani, utaanza wewe. Chaza hakufunguka. Akashukiwa Sabai, yule kitatange. Naye akaenda. Kwake sikulia. Chaza hakufunguka.

Mama Greta akapiga simu kutoka Ulaya. Anakuja kabla ya wageni wa msimu wa nyumbu. Kama chaza wake amekufa, basi hii biashara ya bahari porini imekwisha, tangi litavunjwa na pale patawekwa kaunta ya bia. Bwana Julius alitupa ile habari akiangalia viatu vyake. Athumani angerudi Mugumu kwenye madirisha. Mimi ningerudi kufuliani. Kifua changu kilisikia habari ile kabla ya masikio, nikaanza kukohoa pale pale nimesimama.

Nikaanza kukaa kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nawahi kabla ya wageni kuamka, nawasha taa, navuta kigoda. Kuna siku sikuona kitu, kuna siku nilisinzia. Na asubuhi ile ile aliyotarajiwa Mama Greta, Athumani akiwa ameenda uwanja wa ndege kumpokea na kuchukua pampu mpya, ndipo nilipoona.

Chaza alifungua kidogo, upana wa kidole. Akatoa ukingo wa nyama yake, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Mara yule mnene wa chungwa akatoka pembeni, kifua mbele, akaenda moja kwa moja akajilaza pale. Hakumdonoa wala hakumng'ata. Akajisugua ubavu mmoja, akageuka, akajisugua wa pili, akatikisa mkia, akajipangusa uso. Kama mlevi anayejifunika shuka la mtu. Chaza akafunga kwa hasira, pap! Yule mnene akasogea, akasubiri. Chaza akafungua kidogo. Akarudi akalala.

Nikajipiga paja. Kumbe mwizi tunayemtafuta anapigwa picha kila siku!

Na pale pale furaha ikaniisha, maana nilikumbuka anaitwaje.

Nilijiambia nitamsubiri Athumani, nimwonyeshe kwa kidole, yeye aseme. Lakini Bwana Julius alikuwa na mpango wake. Ili kumlainisha Mama Greta, alikuwa amewaalika wazee wa Nyambureti waje waone samaki wenye majina yao na kupiga picha. Gari la hoteli likafika. Wakashuka Wambura na tumbo lake, Magige ananuna tayari, Sabai anauliza chai iko wapi. Na nyuma yao, amevaa koti la kahawia na kofia ya harusi, na fimbo yake, baba mkwe wangu.

Nikaruka nyuma ya nguzo nikiwa na kitambaa cha kufutia.

Mama Greta akafika muda si mrefu, Athumani amebaki nyuma anahangaika na maboksi. Yule mama hakusalimia mtu. Alienda kwenye kioo, akavaa miwani, akamwangalia chaza wake aliyefungwa kama kabati la marehemu. Akaongea Kiswahili chake cha kukata kata: "Julius. Nani anaua huyu?"

Bwana Julius akageuka huku na huku, akaiona sketi yangu nyuma ya nguzo.

"Mama Matiko! Wewe ndiye unashinda naye. Njoo, sema. Umeona nani?"

Nikatoka nusu. "Nimemwona, bwana."

"Haya, nani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sasa mimi na chaza tukawa ndugu.

"Basi onyesha kwa kidole!"

Ndipo nikainua macho nionyeshe. Na baba mkwe wangu alikuwa amesimama mbele ya kioo, anacheka na yule mnene, na yule mnene amekuja kumwangalia yeye, pua kwa pua. Ukimnyooshea kidole mmoja umemnyooshea mwingine. Nikaurudisha mkono ndani ya kanga.

"Kwani una nini leo?" Bwana Julius alianza kutoka jasho. "Ni Wambura?"

"Hapana."

Mzee Wambura akashusha pumzi. "Nilijua. Mimi mtu wa watu."

"Ni wale wadogo wa bluu? Yule Mwita na wenzake?"

"Hapana."

"Ni yule kamba, Kisyeri?"

"Hapana, yule anasafisha tu."

"Ni Fulani?"

Nikaangalia sakafu. Vigae vya ile hoteli vilikuwa vya kijivu, kimoja kina ufa unaofanana na mto Mara. Nawaambia nilikisoma kile kigae.

"Nakuuliza wewe! Ni Fulani?"

Kifua kinaniwasha, nataka kukohoa, hata kikohozi kimeona aibu.

Bwana Julius akamgeukia Mama Greta, akasema kwa huzuni, "Samahani, Madam. Huyu mama hajui."

"Anajua," ikasema sauti.

Alikuwa baba mkwe wangu. Hakunigeukia. Aliongea akiwa bado ameangalia kioo, kana kwamba anawaambia samaki.

"Kijana, wewe si mtu wa kuoa kwetu. Huyo mwanamke umemtajia wengine wote, kasema hapana, hapana, hapana. Umetaja jina langu, kanyamaza. Unataka akujibu mara ngapi?"

Bwana Julius akarudi kuangalia viatu vyake.

Kisha Mzee Magige, yule ambaye samaki wake alifukuzwa bila kosa, akapiga kelele kwa furaha: "Kumbe ni wewe! Na mimi nimepelekwa Arusha!"

Wazee wakaangua kicheko, wakapigana mabega. Baba mkwe wangu akagonga fimbo. "Tulieni. Hewa iniambie, nimefanya nini?"

Nikaiambia hewa. Nikasema, huyo bwana haumi mtu wala haibi. Anaenda kulala juu ya mama wa watu mchana kutwa, anamsugua, anamkosesha usingizi na chakula, na mama wa watu hawezi kukimbia maana hana miguu. Nilisema nikiangalia kigae changu, na nikasikia Mokami wa mapokezi anazimia kwa kucheka nyuma ya kompyuta.

Athumani ndiyo alikuwa anaingia na boksi la pampu kichwani. Akasikiliza, akaangalia tangi, na kweli, yule mnene alikuwa ameshachoka kuangaliana na mzee, amerudi kulala. Athumani akajipiga paji la uso. Akaeleza kwamba baharini hawa wa chungwa wana mnyama wao, ana minyiri mingi kama mopu ya kudekia, wanaishi ndani yake. Tangini kwetu mnyama huyo hayupo. Kwa hiyo amechagua kitanda alichokiona.

Mama Greta akasema basi, atolewe, apelekwe Arusha kama wale.

"Hapana," akasema baba mkwe. "Mama, wewe una nyumba ngapi?"

Yule mzungu akashangaa. "Mbili."

"Mimi nina wake watatu. Siku nilipomleta wa pili kabla sijamjengea, akalala kwa mkubwa. Nusura boma liungue. Hakuna aliyekuwa na kosa. Nyumba ndiyo haikuwepo. Huyu mwenye jina langu mnamfukuza kwa nini? Mjengeeni."

Mama Greta alimwangalia Athumani. Athumani alimwangalia yule mnene. "Madam," akasema polepole, "tujaribu."

Na hiyo, wajukuu, ndiyo njia, nanyi mkikutana na shida hii mfanye hivyo. Tulichukua chungu kidogo cha udongo kutoka soko la Mugumu, kipya, kisicho na rangi wala mafuta, tukakiloweka kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi. Tukakilaza ubavu upande wa mbali, maji yanapopita taratibu. Chaza tukamfunika kwa kikapu cha plastiki chenye matundu makubwa, kile cha kuchujia mboga, ili mwanga umpate na mlevi asimpate. Hatukumhamisha kabisa. Chaza ameshika jiwe kwa nyuzi zake kwa chini, ukimvuta kwa nguvu umemchana, na huyo hashonwi. Halafu tukaacha. Kuacha ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Bwana Julius alikuwa anachungulia kila akipita, nikawa namfukuza kwa kitambaa.

Mnene alizunguka kikapu, akakigonga, akanuna. Akaenda kwenye chungu, akaingia kinyumenyume, akatoka, akaingia. Siku zikapita, akaanza kufagia mchanga mlangoni kwa mkia. Yule mdogo wake akahamia naye. Tulipoondoa kikapu, chaza alichungulia upana wa kidole. Akasubiri. Hakuna aliyekuja. Akatandaza kitenge chake chote, bluu na kijani, mpaka kikamwagika nje ya sahani. Mama Greta alilia, na sisi tukaenda zetu kunywa chai, mimi nikipumua bila kukohoa.

Tangi halikuvunjwa. Nilifuta kile kioo mpaka nilipostaafu. Kuna Athumani mdogo pale siku hizi, mtoto wa fundi, anajua kukaa.

Mwisho wa mwezi ule nilienda nyumbani Nyambureti. Nilifika giza likiingia, nikaona mtu anakatiza uwanja na tochi yake kwenda nyumba ya mwisho, anatembea kifua mbele. Sikumsalimia, njia yake ni yake. Asubuhi nikamkuta mama mkwe wangu, Wegesa, mke mkubwa, ameketi na ungo anapeta ulezi. Nikamsaidia kuchambua.

"Nasikia mzee wenu amekuwa samaki," akasema.

"Ndivyo, mama."

"Na nasikia amewahubiria wazungu kwamba kila mtu alale penye zamu yake."

"Alisema vizuri sana, mama."

Akapeta kidogo. Makapi yakaruka.

"Jana ilikuwa zamu yangu," akasema. "Alilala kwa Marwa wenu?"

"Hapana, mama."

"Kwa ndugu yake, Wambura?"

"Hapana, mama."

"Kwa yule mke mwenzangu mdogo, Nyangi?"

Nikainama. Kulikuwa na kokoto moja ndani ya ulezi, nikaitafuta kwa makini sana.

Mama Wegesa akaweka ungo chini. Akasimama, akajikaza kanga kiunoni, akaokota mwiko, akakatiza uwanja.

Mimi sikutaja jina la mtu.